TEHAMA na Ajira Zisizo na Mipaka: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuchagua Taaluma

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Kila mwaka, matokeo ya mitihani ya Taifa yanapotangazwa, maelfu ya wahitimu wa Kidato cha Nne na cha Sita hukaa na wazazi wao kutafakari hatua inayofuata. Miongoni mwa fani zinazotajwa sana katika mazungumzo hayo ni Teknolojia ya Habari na Mawasiliano, yaani TEHAMA. Swali la wazazi huwa moja: je, mtoto akihitimu atapata kazi?

Swali hilo ni la haki, kwa kuwa gharama za miaka mitatu au minne ya chuo ni mzigo mkubwa kwa kaya nyingi. Hata hivyo, jibu lake haliwezi kupatikana kwa kuangalia nafasi zinazotangazwa nchini pekee. TEHAMA ni fani ambayo kazi zake huvuka mipaka kwa urahisi kuliko fani nyingine nyingi. Kazi ya kampuni iliyoko Ulaya inaweza kufanyika Dar es Salaam. Vilevile, kazi iliyokuwa ikifanyika Dar es Salaam inaweza kuhamishiwa nchi nyingine bila mtu yeyote kupanda ndege. Anayeingia katika fani hii bila kulielewa jambo hilo ni sawa na nahodha anayetweka tanga bila kuuliza habari za upepo.

Makala haya yanaeleza namna utandawazi na uhamaji wa watu unavyogusa ajira za TEHAMA, aina za kazi ambazo huhama kwa wepesi na zile ambazo hubaki, pamoja na tahadhari ambazo kijana na mzazi wanapaswa kuzichukua.

TEHAMA si kazi moja

Jina TEHAMA hukusanya kazi nyingi zenye mahitaji tofauti. Wapo wanaoandika programu za kompyuta na za simu za mkononi. Wapo wanaojenga na kutunza mitandao, kuanzia nyaya za mkongo zilizofukiwa ardhini hadi minara ya simu. Wapo wasimamizi wa seva na kanzidata, wataalamu wa usalama wa mtandao na wachambuzi wa data. Wapo wasanifu wa mifumo, ambao hukaa na watumiaji, wakasikiliza mahitaji yao na kuyageuza kuwa maelekezo ya kiufundi. Wapo pia mafundi wanaotengeneza vifaa na kuwahudumia wafanyakazi maofisini.

Tofauti hizo zina uzito katika suala la ajira. Mwandishi wa programu anaweza kuitumikia taasisi iliyo mbali naye kilomita elfu kumi, kwa kuwa anachokitengeneza husafiri kwa mtandao. Fundi wa mkongo hana budi kufika mahali ulipokatika. Mtaalamu wa usalama wa mtandao katika benki yuko kati ya hao wawili: sehemu ya kazi yake inaweza kufanywa kutoka popote, lakini sehemu nyingine hufungwa na sheria za nchi na siri za wateja. Kwa hiyo, kijana anayesema kwamba anataka kusoma TEHAMA bado hajachagua. Amefika mlangoni tu.

Namna kazi zinavyovuka mipaka

Kazi huvuka mipaka kwa njia mbili. Ya kwanza ni mtu kuifuata kazi iliko, na huo ndio uhamaji unaofahamika na wengi. Ya pili ni kazi kumfuata mtu aliko kupitia mtandao. Katika TEHAMA, njia hii ya pili imekuwa na nguvu kubwa.

India ni mfano mzuri. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kampuni nyingi za Marekani na Ulaya zilihofia kwamba kompyuta zao zingechanganya tarehe mwaka 2000 utakapoingia, kwa sababu programu nyingi za zamani zilihifadhi mwaka kwa tarakimu 2 tu. Marekebisho yalihitaji watu wengi wa kupitia programu hizo mstari kwa mstari, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilipelekwa India, ambako walikuwepo wahandisi wanaojua Kiingereza na ambao malipo yao yalikuwa nafuu kwa waajiri. Hofu ya mwaka 2000 ilipopita, wateja walibaki. Leo sekta ya teknolojia ya India inaajiri zaidi ya watu milioni 5. Ufilipino nayo ilijikita katika kupokea simu za wateja na kufanya kazi za ofisi kwa niaba ya kampuni za nje, sekta inayoajiri zaidi ya watu milioni 1.5.

Afrika Mashariki iliingia katika soko hilo baadaye. Kabla ya mwaka 2009, mawasiliano ya intaneti ya ukanda huu yalitegemea zaidi setilaiti, ambayo ilikuwa ghali na ya kasi ndogo. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, ukifuatiwa na wa EASSy mwaka 2010, huku Serikali ikijenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ili kuifikisha huduma hiyo mikoani. Tangu wakati huo, imewezekana kwa kijana aliyeko Mwanza au Mbeya kumhudumia mteja aliyeko Berlin.

Nafasi ya Tanzania katika majira ya dunia nayo ni faida. Tofauti ya saa kati ya Dar es Salaam na London ni saa 2 au 3, na kati yake na Berlin ni saa 1 au 2, kulingana na msimu. Mtanzania anayefanya kazi na timu ya Ulaya hahitaji kukesha, tofauti na anayehudumia New York, ambako tofauti ni saa 7 au 8.

Hata hivyo, njia hiyo ina udhaifu wake. Tarehe 12 Mei, 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika na huduma za intaneti zikayumba katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo. Kwa anayeishi kwa kazi za mtandaoni, tukio la namna hiyo ni sawa na barabara kukatika kwa msafirishaji. Ni busara kuwa na njia mbadala ya intaneti, na mkataba unaoeleza nini kitafanyika mawasiliano yakikatika.

Kazi ipi huhama na ipi hubaki

Kipo kipimo rahisi kinachoweza kumsaidia kijana. Kazi ambayo maelekezo yake yote yanaweza kuandikwa katika karatasi, na mtu yeyote akayafuata hatua kwa hatua bila kumjua mteja, ni kazi inayohama kwa wepesi. Itakwenda palipo na malipo ya chini zaidi, na baadaye itafanywa na mashine.

Mfano upo karibu nasi. Katika jiji la Nairobi kuna vijana wengi wanaoajiriwa kuchambua maandishi na picha na kuziwekea alama ili kuifundisha mifumo ya akili unde (akili mnemba), ama kukagua maudhui ya mitandao ya kijamii. Januari 2023, jarida la TIME la Marekani liliripoti kwamba baadhi yao, waliosoma maandishi yenye ukatili ili kuufundisha mfumo mmoja mashuhuri, walilipwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Wengine katika kazi za ukaguzi wa maudhui walifungua mashauri, na mahakama za Kenya ziliamua kwamba kampuni kubwa ya kigeni inaweza kushtakiwa nchini humo ingawa makao yake yako Marekani.

Funzo kwa kijana ni kwamba kazi za aina hiyo zinaweza kuwa daraja la kuanzia, lakini si mahali pa kujenga nyumba. Anayezifanya anapaswa kutumia muda huo kujifunza jambo la juu zaidi, kwa kuwa mfumo anaoufundisha leo unaweza kuifanya kazi yake kesho.

Akili unde imeongeza kasi ya mabadiliko hayo. Taarifa ya Jukwaa la Uchumi Duniani ya mwaka 2025 inakadiria kwamba hadi kufikia mwaka 2030, ajira milioni 170 zitazaliwa duniani na ajira milioni 92 zitaondolewa. Hesabu ya jumla inatia moyo. Lakini anayepoteza ajira si lazima awe ndiye atakayeipata mpya. Katika TEHAMA, programu ndogo ndogo zilizokuwa zikiandikwa na mtaalamu anayeanza kazi sasa zinaweza kuandaliwa na mashine kwa dakika chache. Thamani ya mtaalamu inahamia katika kuelewa tatizo, kuchagua suluhisho, kukagua kilichoandikwa na kubeba dhamana ya matokeo.

Kazi inayobaki ni ile iliyofungamana na mahali, watu, sheria na lugha. Mfumo wa Malipo ya Serikali Kielektroniki (GePG), ulioanza kutumika mwaka 2017, ambao ndio chanzo cha namba ya malipo anayopewa mwananchi anapolipia huduma ya umma, ulihitaji watu wanaofahamu jinsi halmashauri inavyokusanya mapato, jinsi benki za hapa zinavyofanya kazi na jinsi mkulima asiye na akaunti ya benki anavyolipa kwa simu. Mfumo wa Ununuzi wa Umma Kielektroniki (NeST), ulioanza kutumika mwaka 2023, umetengenezwa na wataalamu wa Kitanzania na kuchukua nafasi ya mfumo wa awali. Kazi hiyo ilihitaji mtu anayeijua Sheria ya Ununuzi wa Umma sawasawa na anavyojua kuandika programu.

Sheria nazo huzaa kazi za nyumbani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inazitaka taasisi zinazokusanya taarifa za watu kuzilinda kwa utaratibu maalumu. Hospitali, shule, benki na kampuni za simu zinahitaji watu wanaoielewa sheria hiyo na mifumo ya kompyuta kwa pamoja. Mtaalamu wa namna hiyo hawezi kuagizwa kutoka ng'ambo kwa urahisi.

Kiswahili nacho ni mtaji. Lugha hii ina wazungumzaji wengi kuanzia pwani ya Bahari ya Hindi hadi mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kila kampuni inayotaka kuwafikia inahitaji watu wa kuandaa programu, maelekezo na mifumo ya sauti inayoeleweka. Kijana anayeandika Kiswahili sanifu na anayejua lugha za kompyuta ana ujuzi ambao watu milioni 5 wa sekta ya teknolojia ya India, kwa sehemu kubwa, hawana.

Watu wanapohama

Wapo watakaochagua kuifuata kazi iliko. Jambo hilo ni halali na lina manufaa, lakini mlango wa nchi nyingine hufunguliwa na kufungwa na mwenye nyumba. Marekani hutoa viza 85,000 kwa mwaka za kundi la H-1B kwa kampuni zinazoajiri wataalamu wa kigeni, na waombaji huwa wengi kiasi kwamba hupatikana kwa bahati nasibu. Septemba 2025, nchi hiyo ilitangaza ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya viza hizo. Mipango ya maisha iliyojengwa juu ya mlango huo mmoja iliyumba kwa tangazo la siku moja.

Ujerumani ilielekea upande mwingine. Tangu Novemba 2023, mtaalamu wa TEHAMA asiye na shahada anaweza kuomba kibali cha wataalamu cha Umoja wa Ulaya nchini humo akiwa na uzoefu wa kazi wa angalau miaka 3 na mkataba wa ajira unaokidhi kiwango cha mshahara kilichowekwa. Utaratibu huo unaonesha kwamba uzoefu unaothibitika una thamani sawa na cheti, na nyakati nyingine kuzidi.

Katika ukanda wetu, Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutekelezwa tarehe 1 Julai, 2010, inaruhusu raia wa nchi wanachama kufanya kazi katika nchi nyingine za Jumuiya kwa makundi ya ajira ambayo kila nchi iliyaorodhesha. Mwombaji anapaswa kuangalia orodha ya nchi anayokwenda, kwa kuwa hazifanani.

Uhamaji huleta pia wataalamu wa kigeni nchini. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri anayeomba kibali cha kazi kwa mgeni kuwa na mpango wa kurithisha ujuzi kwa Watanzania. Kijana aliyeajiriwa chini ya mtaalamu wa kigeni anapaswa kulitambua hilo. Kukaa karibu naye, kuuliza na kuandika anachojifunza ni sehemu ya makusudi ya sheria hiyo, ili muda wa kibali ukiisha kiti kisibaki wazi.

Tahadhari dhidi ya ajira za ulaghai

Kiu ya vijana kupata ajira za teknolojia nje ya nchi imegeuzwa mtego na wahalifu. Ripoti ya Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ya Agosti 2023 ilikadiria kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na takribani 100,000 nchini Kambodia walikuwa wakishikiliwa na kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Ripoti hiyo ilieleza kwamba wengi wa waathirika ni wasomi, wanaojua kompyuta na lugha zaidi ya moja. Kwa maneno mengine, wahalifu huwawinda watu wenye sifa zile zile ambazo kijana wa TEHAMA huzionea fahari.

Ukanda wa Afrika Mashariki haukusalimika. Mwaka 2022, Serikali ya Kenya ilitangaza kuokolewa kwa raia wake waliokuwa wamepelekwa Myanmar, pamoja na raia wa Uganda na Burundi. Wengi waliahidiwa kazi nzuri nchini Thailand. Walipofika walivushwa mpaka, wakanyang'anywa pasipoti na kulazimishwa kuwatapeli watu wa mataifa mengine.

Mwananchi anayepata ahadi ya kazi nje ya nchi anashauriwa kujiuliza maswali yafuatayo kabla ya kusaini chochote. Je, wakala anayemshughulikia amesajiliwa na mamlaka za kazi nchini? Je, mkataba unataja jina la mwajiri, mji, mshahara na saa za kazi? Je, viza anayopewa ni ya kazi au ni ya utalii? Je, mshahara ni mkubwa kupita kiasi kwa kazi isiyohitaji usaili wa maana? Jibu moja lenye mashaka linatosha kusimamisha safari.

Taarifa kuhusu mawakala wa ajira zinaweza kupatikana kwa Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania (TaESA) na wizara yenye dhamana ya kazi na ajira. Anayeshuku kwamba yeye au ndugu yake amenaswa atoe taarifa Polisi mapema. Usafirishaji haramu wa binadamu ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2008, na aliyedanganywa akapelekwa ni mwathirika mwenye haki ya kusaidiwa. Hakuna sababu ya kuona aibu na kunyamaza.

Namna ya kuchagua

Kwa kuzingatia hayo yote, kijana anayetaka TEHAMA aanze na misingi ambayo haizeeki haraka. Lugha za kuandikia programu hubadilika kila baada ya miaka michache, lakini hisabati, mantiki, namna mitandao inavyofanya kazi na namna data inavyopangwa hubaki. Tahasusi zenye Fizikia na Hisabati, ikiwemo ile yenye Sayansi ya Kompyuta, humwandaa mwanafunzi vizuri kwa shahada. Asiyepita Kidato cha Sita anaweza kuanza na astashahada au stashahada katika vyuo vya ufundi, kisha akapanda ngazi.

Kabla ya kulipa ada, mzazi ahakikishe kwamba chuo na programu husika vimeidhinishwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kwa ngazi ya shahada, au na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET) kwa ngazi za astashahada na stashahada. Cheti kisichotambulika nchini hakiwezi kutambulika Ujerumani.

Aidha, kijana aunganishe TEHAMA na eneo jingine analolipenda, kama kilimo, afya, fedha, sheria au lugha. Anayejua kompyuta pekee anashindana na dunia nzima. Anayejua kompyuta na jinsi zao la korosho linavyouzwa kwa stakabadhi ghalani anashindana na wachache.

Mafunzo ya darasani yaambatane na kazi za kuonesha. Mfumo mdogo wa kutunza hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa, uliotengenezwa na mwanafunzi na unaotumika kweli, humshawishi mwajiri kuliko alama za mtihani peke yake. Mafunzo ya utarajali kwa wahitimu, yanayoratibiwa kupitia TaESA, ni njia nyingine ya kupata uzoefu. Wenye sifa wanaweza pia kujisajili Tume ya TEHAMA, inayowatambua wataalamu wa fani hiyo nchini.

Kwa wanaofanya kazi za mtandaoni kwa waajiri wa nje, uhuru una gharama zake. Mara nyingi mwajiri huwachukulia kama wakandarasi, hivyo hawachangii hifadhi ya jamii wala bima ya afya. Ni wajibu wa mfanyakazi mwenyewe kujiunga na Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) kama mwanachama aliyejiajiri, kukata bima na kuwa na namba ya utambulisho wa mlipakodi. Mkaazi wa Tanzania anatakiwa kulipa kodi hata kwa kipato kinachotoka ng'ambo. Afahamu pia, kabla ya kuanza kazi, fedha zake zitamfikia kwa njia gani, kwa kuwa si kila mfumo wa malipo wa kimataifa unaoruhusu kupokea fedha nchini.

Mzazi anayeuliza iwapo mtoto wake atapata kazi anaweza kupata jibu la uhakika zaidi akilibadili swali lake kidogo: mtoto wangu atajua kitu gani ambacho mtu wa mbali, au mashine, hatakiweza kwa urahisi? Familia inayokaa na kulijibu swali hilo kabla ya dirisha la udahili kufunguliwa itakuwa imechagua kwa macho yaliyo wazi, iwe kijana atabaki Dodoma, atakwenda Kigali au atamhudumia mteja wa Berlin akiwa nyumbani kwao.